Shina la nyonga la Corail na mpako wake wa kauri: maoni ya mtumiaji baada ya miaka sita

Wiki moja kabla ya upasuaji wa nyonga yangu ya kushoto, daktari bingwa wa mifupa aliniwekea mezani shina, yaani kipande cha nyonga bandia kinachoingia ndani ya mfupa wa paja, la aina ile ile ambayo angenipachika, akaniruhusu kulishika, kwa kuwa lilikuwa la maonyesho na kifungashio chake kilikuwa kimeshafunguliwa siku nyingi. Nimefundisha kemia kwa miaka 31, na kitu cha kwanza kilichonijia akilini ni chaki. Weupe wake ni ule ule wa chaki, usio na mng'ao. Nilipopitisha ukucha, ulikwaruza kama juu ya msasa laini, lakini hakuna unga uliobaki kidoleni. Sehemu ya juu, kwenye shingo, chuma kilikuwa wazi, cha kijivu na laini, na mpaka kati ya weupe na ukijivu ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula. "Mwalimu," akaniambia, "lako hutaligusa hivyo. Likishaguswa kwa kidole haliingii tena kwenye mfupa wa mtu." Ni huo weupe ninaotaka kuupitia hapa, kwa sababu ndio unaoongeza bei, ndio wauzaji wanaousifia, na ndio sisi wagonjwa tunaouelewa vibaya kuliko sehemu nyingine yoyote ya kifaa hiki.

Corail, neno la Kifaransa lenye maana ya matumbawe, ni shina la aloi ya titani lililowekwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986 nchini Ufaransa, likiwa limebuniwa na kundi la madaktari wa upasuaji waliojiita ARTRO, na siku hizi linauzwa chini ya jina la kampuni ya DePuy Synthes. Halikuwa la kwanza la aina yake: mwaka mmoja kabla, yaani 1985, Ronald Furlong wa Uingereza alikwisha kumwekea mgonjwa shina lililopakwa kauri hiyo hiyo kutoka juu hadi chini. Umbo la Corail ni la kabari yenye pande nne, pana juu na nyembamba chini, lenye mifereji ya kulala sehemu ya juu na mifereji ya wima sehemu ya chini. Mpako umelifunika lote linaloingia ndani ya mfupa, na unene wake ni mikromita 155, yaani kama karatasi moja na nusu za daftari. Kazi yote ninayoijadili hapa inafanyika ndani ya unene huo.

Kauri yenyewe inaitwa haidroksiapataiti. Ni fosfeti ya kalsiamu ambayo kwa kila atomu 6 za fosforasi ina atomu 10 za kalsiamu, na sababu ya kuichagua ni kwamba ni ndugu wa karibu wa madini yaliyomo katika mifupa yetu, ambayo huchukua takribani theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu. Sisi tuliokulia kaskazini mwa Tanzania tunaifahamu familia hii ya madini bila kuijua kwa jina. Mbolea ya Minjingu huchimbwa kutoka katika mwamba wa apataiti uliotokana na kinyesi na mifupa ya minandi waliokuwa wakiishi kando ya ziwa la kale. Na meno ya kahawia ambayo wengi wetu tumeyapata kwa kunywa maji yenye floraidi nyingi ni ushahidi wa jinsi apataiti inavyokubali kwa urahisi kupokea kitu kigeni ndani ya muundo wake. Nitalirudia jambo hilo la floraidi, maana watengenezaji wa mipako nao wamelifikiria.

Kwa nini basi shina lisitengenezwe lote kwa kauri hiyo? Kwa sababu lingevunjika siku ya kwanza ya kushuka ngazi. Haidroksiapataiti ni ngumu lakini haina ustahimilivu. Ufa ukishaanza, hauna cha kuuzuia. Titani ina nguvu na uvumilivu wa kupindwa mamilioni ya mara, lakini mfupa huiona kama mgeni mpole tu: hauikatai, ila hauna haraka ya kuikumbatia. Hivyo chuma hubeba uzito na kauri huleta mapatano. Mama yangu alikuwa na mabakuli ya bati yaliyopakwa kauri nyeupe yenye maua, na kila aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo anajua bakuli likianguka sakafuni nini hutokea: bati linabonyea kidogo tu, lakini ile nyeupe inaruka vipande. Swali zima la mpako wa kipandikizi ni hilo la bakuli.

Namna unavyowekwa ni ya kikatili kwa kitu ambacho kinakusudiwa kufanana na mfupa. Shina kwanza hupigwa kwa chembe ngumu za alumina (oksidi ya alumini) mpaka uso wake uwe na makwaruzo. Kisha unga wa haidroksiapataiti hupulizwa katika mwale wa plazima, gesi iliyochemshwa kwa umeme hadi zaidi ya nyuzi 10,000 za Selsiasi, na chembe zile, zikiwa zimeyeyuka nusu au kabisa, hugonga chuma kwa kasi kubwa, zikatandazika kama tone la uji sakafuni na kuganda palepale. Tabaka huongezwa juu ya tabaka huku shina likizungushwa mbele ya mwale. Muda ambao chembe moja hukaa ndani ya moto huo ni sehemu ndogo sana ya sekunde, na ubora wote wa bidhaa umo katika muda huo. Moto ukipungua, chembe hazishikani. Moto ukizidi, kauri huvunjika kikemia na kuacha fosfeti nyingine zinazoyeyuka upesi, pamoja na oksidi ya kalsiamu, ambayo kwa lugha ya nyumbani ni chokaa isiyozimwa. Mtu yeyote wa pwani aliyeona matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri yakimwagiwa maji anajua kitakachotokea kwa chokaa hiyo ikikutana na umajimaji wa mwili: itavimba na kupasua kila kilichoishikilia. Tena chembe zinazoganda ghafla mno hazipati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, zikabaki kama kioo, na sehemu hiyo ya kioo ndiyo huyeyuka kwanza.

Ndiyo maana kiwango cha kimataifa, ISO 13779-2, hakiulizi tu kama kauri ipo. Kinataka angalau asilimia 45 ya mpako iwe katika hali ya fuwele, na nguvu ya kushika kwenye chuma isiwe chini ya megapaskali 15. Megapaskali 15 ni kama kuning'iniza kilo 150 kwenye kipande cha mpako chenye ukubwa wa sentimita mraba moja bila kung'oka. Ni nguvu ya kutosha, lakini si ya ajabu, kwa sababu mshiko huo kwa sehemu kubwa si wa kikemia. Fundi anayepiga lipu juu ya zege laini huligonga kwanza kwa ncha ya nyundo ili lipu ipate pa kung'ata, na hapa ni vivyo hivyo, kauri imeng'ata makwaruzo ya titani. Isitoshe, vitu hivi viwili vinapopoa baada ya kupulizwa, kauri hutaka kusinyaa zaidi kuliko titani iliyo chini yake, kwa hiyo hubaki ikiwa imevutwa hata kabla ya mgonjwa kukanyaga chini. Mpako ukiwa mnene kupita mikromita 200 hivi, mvuto huo huanza kuuletea nyufa, na ukiwa chini ya 50, unaweza kuisha kabla mfupa haujamaliza kazi yake. Hizo 155 za Corail si nambari ya bahati nasibu.

Sasa kuhusu matumizi. Niliruhusiwa kusimama kesho yake, nikatembea kwa magongo mawili kwa wiki sita, kisha gongo moja kwa wiki nne. Maumivu ya kidonda niliyatarajia. Nilichokuwa nakivizia ni maumivu ya paja, yale ya katikati ya mfupa mtu anapoanza hatua baada ya kukaa, ambayo mara nyingi ni dalili kwamba shina linacheza. Niliyasikia kidogo katika mwezi wa pili, yakatoweka kabla ya mwezi wa nne, na hayajarudi. Katika picha ya eksirei ya mwaka wa kwanza daktari alinionyesha kwa kalamu jinsi mfupa ulivyosogea hadi kugusana na shina bila ule mstari mweusi mwembamba ambao huashiria utando laini katikati. Mstari huo ndio adui. Mwili ukihisi kipandikizi kinatikisika, badala ya kujenga mfupa hujenga nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi hazibebi mtu.

Hapo ndipo mpako unapolipa gharama yake, na ushahidi wake ni wa zamani na wa kuaminika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kjeld Søballe na wenzake nchini Denmark waliweka vipandikizi katika mifupa ya mbwa kwa namna iliyovifanya vicheze kwa mikromita 150 kila mnyama alipokanyaga. Vile vya titani pekee vilizungukwa na utando laini, wakati vile vya haidroksiapataiti vilipata utando ulio bora zaidi, na baadaye, mchezo uliposimamishwa, utando huo uligeuka kuwa mfupa. Inavyofanya hivyo si muujiza. Uso wa kauri huachia kalsiamu na fosfeti kidogo kidogo, umajimaji unaouzunguka hushiba madini hayo, apataiti mpya yenye kabonati hujitandaza juu yake, na seli za kujenga mfupa hukuta mahali panapofanana na nyumbani. Mfupa basi hukua kutoka pande mbili kwa pamoja, ule wa mgonjwa ukielekea kwenye shina na ule mpya ukianzia kwenye shina lenyewe.

Lakini angalia kilichosemwa hapo: huachia. Mpako huu hufanya kazi kwa kujitoa. Nilipouliza mara ya kwanza kama utadumu, nilikuwa nafikiria rangi ya gari, kwamba ikibanduka ni hasara. Mwaka wa tatu daktari yule yule alinionyesha shina jingine, la mtu aliyelazimika kutolewa lake kwa sababu ya maambukizi, likiwa limesafishwa na kuhifadhiwa kwa mafunzo. Sehemu ya chini weupe ulikuwa bado upo. Juu, palipokuwa na mfupa uliochangamka zaidi, ulikuwa umepungua mabaka mabaka, na katika mabaka hayo vipande vya mfupa vilikuwa vimeshikamana na titani yenyewe kiasi kwamba vilikatika kwanza kabla ya kuachia. Seli zile zinazokula mfupa mzee zilikuwa zimeila kauri kama zinavyokula mfupa wowote, na mfupa mpya ukachukua nafasi. Kwa hiyo swali la kudumu limekaa vibaya tukiliuliza kwa kauri peke yake. Mpako mzuri ni ule unaobaki umeshika katika wiki na miezi ya mwanzo bila kubanduka vipande, halafu unapungua polepole kuliko mfupa unavyofika. Na kinachobaki chini yake baada ya hapo ni lazima kiwe chuma chenye makwaruzo, kwa sababu huko ndiko mfupa utakakoishi kwa miaka iliyosalia.

Wasiolizingatia hilo walilipia, na hapa siwezi kuusifu mpako huu bila mipaka. Vikombe vya nyonga, yaani ile sehemu ya upande wa pili inayopokea kichwa cha paja, vya kizazi cha mwanzo vilivyopakwa haidroksiapataiti juu ya chuma laini vilishika vizuri miaka michache, kisha kauri ilipokwisha vikalegea, kwa kuwa mfupa ulikuta ukuta usio na pa kung'ata. Mwaka 2010 uchambuzi wa daftari la taifa la Sweden la nyonga bandia ulionyesha kwamba vikombe vyenye mpako huo vilikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kubadilishwa kwa kulegea kuliko visivyo nao. Mwaka uliofuata, watafiti wa daftari hilo hilo walilinganisha shina la aina nyingine, lenye mpako na lisilo nao, wasione tofauti ya maana. Upande wa Corail habari ni njema: data za daftari la Norway zilizochapishwa mwaka 2007 ziliweka uwezekano wa shina hilo kudumu miaka 15 bila kubadilishwa kwenye asilimia 97. Ukiyasoma matokeo haya kwa pamoja, unaona kwamba neno haidroksiapataiti kwenye boksi halitoshi kitu. Umbo, makwaruzo, unene na ufundi wa moto ndivyo vinavyotenganisha bidhaa hii na nyingine zinazodai kuwa jamaa zake.

Kuna pia wagonjwa ambao nisingewashauri kuliwania shina hili. Shina lisilotumia saruji ya mfupa, ile inayojazwa kati ya shina na mfupa ili kulishikiza, hugongwa kwa nyundo hadi likae, na mfupa wa bibi wa miaka 80 uliopungua madini unaweza kupasuka wakati huo au wiki chache baadaye. Madaftari ya nchi nyingi yanakubaliana kwamba kwa umri huo shina la saruji, mwendo ulioenezwa na John Charnley wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, lina visa vichache vya kuvunjika paja mapema. Corail lenyewe linakuja la aina mbili, lenye kola (ukingo mdogo unaokaa juu ya mfupa pale shingoni) na lisilo na kola, na data za Uingereza zinaonyesha kola hupunguza hatari hiyo. Langu lina kola. Kwa vijana walioharibikiwa na kichwa cha paja kwa sababu ya selimundu, ambao tunao wengi, hoja ya shina lisilo na saruji ni nzito zaidi, maana wana miaka mingi ya kutembea mbele yao na kuna siku shina litahitaji kubadilishwa.

Nimeona teknolojia hii ikifaa sana mahali pengine ambapo hatuizungumzii. Mpwa wangu alivunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda akafungwa fremu ya nje, ile yenye pini zinazotoboa ngozi hadi mfupani. Pini za kawaida zililegea wiki ya saba na usaha ukaanza. Tafiti za Antonio Moroni na wenzake huko Bologna zimeonyesha kwamba pini zilizopakwa haidroksiapataiti huhitaji nguvu kubwa zaidi kuzifungua, yaani hazilegei. Nilikwenda kuzitafuta. Duka moja la vifaa tiba, ambalo sitalitaja, liliniletea pini nyeupe katika mfuko wa nailoni, bila jina la mtengenezaji, bila namba ya toleo, bila cheti chochote. Nilipouliza unene wa mpako, kijana wa kaunta alinijibu kwa heshima kabisa, "Mzee, ni nyeupe, ndiyo yenyewe." Nilipoikwaruza moja kwa ukucha, iliacha unga. Nilirudi mikono mitupu. Anayenunua kitu cha namna hii aulize mambo manne tu: unene, kiasi cha fuwele, nguvu ya kushika, na cheti kinachotaja ISO 13779-2. Asiyeweza kujibu hata moja anauza chokaa.

Maboresho yanayotafutwa ni mengi na nitayapita haraka. Kuingiza floraidi kwenye apataiti huifanya iyeyuke polepole zaidi. Wazo ni zuri, ingawa mwenye meno kama yangu anajua kwamba kipimo kikizidi, manufaa hugeuka. Fedha, ile metali, huchanganywa ili kuua bakteria, nayo ikizidi huua na seli za mwenye mfupa. Linalonivutia kuliko yote ni kuweka mpako bila moto. Tadashi Kokubo wa Japani alionyesha kwamba chuma kilichotayarishwa vizuri, kikizamishwa katika maji yenye chumvi kama za damu kwa nyuzi 37, hujiotea apataiti chenyewe, nyembamba, yenye kabonati, na inayoingia hata ndani ya matundu ambayo mwale wa plazima hauyafikii. Kwa vipandikizi vyenye matundu kama sifongo vinavyochapishwa kwa mashine za 3D siku hizi, sioni njia nyingine ya maana. Kwa kabari nene kama Corail, moto bado haujapata mpinzani.

Lalamiko langu kubwa halihusu kauri hata kidogo. Kila shina hutoka kiwandani na lebo za kunata zenye ukubwa, namba ya bidhaa na namba ya toleo, moja ya faili na nyingine ya mgonjwa. Ya kwangu sikupewa. Hospitali niliyotibiwa ilinizungusha mara tatu, faili likisemekana liko ghorofa nyingine, mpaka karani mmoja wa kumbukumbu aliponihurumia akaninakilia kwa mkono. Bila namba hiyo, toleo zima likigundulika kuwa na kasoro ya mpako, hakuna atakayejua kama langu limo. Nimeiandika nyuma ya kadi ya kliniki kwa wino usiofutika, na mke wangu ana nakala yake ndani ya mkoba.